Usizime simu usiku wa leo

Mwaka 2015 niliuzimisha simu ukoo mzima. Jioni ujumbe uliingia WhatsApp: usiku wa leo, kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu, mionzi hatari kutoka anga za mbali itapita karibu na Dunia, zima simu na usilale nayo karibu. Chini yake zilitajwa NASA, shirika la anga la Marekani, na BBC, kama mihuri ya serikali ya mtaa. Nyumbani kwetu mtu wa mambo ya anga ni mimi. Sijasomea, nimeangalia filamu nyingi tu. Kwa hiyo nilipoutuma kwenye kundi la familia hakuna aliyeuliza. Mama akazima. Dada akazima. Baba mdogo alikuwa njiani kutoka Mbeya, basi likaharibika Mikumi, likaingia stendi ya Msamvu, Morogoro, saa nane usiku. Alipiga namba zote alizozikumbuka. Alfajiri akagonga mlango, begi begani, amelowa chapachapa, na salamu yake ya kwanza ilikuwa, "Mionzi imeshapita au nisubiri nje?"

Mionzi ya anga ipo kweli, ndiyo maana uongo ule ulininasa. Inatupiga kila saa, mchana na usiku, na hewa pamoja na usumaku wa Dunia vinazuia sehemu kubwa yake. Haina ratiba ya saa sita na nusu, na simu haihusiki.

Tangu siku ile nimejiwekea taratibu zangu za kusoma habari za anga, na nawapa bure wote wanaopenda hadithi za kubuni za kisayansi kama mimi. Lakini kwanza nizitetee filamu zenyewe, maana baba mdogo alizilaumu na nadhani alizionea. Nimezikulia kwenye kibanda umiza, kiingilio shilingi mia mbili, benchi la mbao lisilo na mgongo, na mtafsiri aliyeita kila roboti "jini la chuma". Steringi hafi. Meli za anga zinalipuka kwa kishindo, na mtu aliyeko Mirihi anaongea na mkewe Duniani kama anapiga simu Kibaha. Najua huko hakuna hewa ya kubeba sauti. Najua pia mawimbi ya redio kutoka Mirihi yanatumia kati ya dakika 3 na 22 kufika huku, kutegemea sayari hizo mbili zimekaaje, kwa hiyo ugomvi mmoja wa mume na mke ungemaliza siku nzima. Naacha tu kishindo kilie. Filamu inaniambia mlangoni kwamba inakuja kunidanganya, nami nalipa kiingilio. Habari haijawahi kuniomba ruhusa hiyo.

Kitu cha kwanza ninachoangalia siku hizi kwenye kichwa cha habari ni kiambishi cha wakati. Mwalimu wangu wa Kiswahili angefurahi kusikia kwamba hatimaye nimekitumia. Ukiona -ta-, tulia. -ta- haina gharama. Septemba 2017, kule Adelaide, Australia, Elon Musk wa kampuni ya roketi ya SpaceX alionyesha mpango wa kupeleka meli za mizigo Mirihi mwaka 2022 na watu mwaka 2024. Nilisoma "watapelekwa" nikasikia "wamepelekwa", nikaweka dau la kreti la soda kazini. Mwaka 2024 ulipokwisha hapakuwa na mtu Mirihi, na kreti nililinunua mimi.

Ukiona -me-, hapo simama usome hadi mwisho, hata kama habari yenyewe imewekwa pembeni kwa herufi ndogo. Tarehe 26 Septemba 2022 chombo cha NASA kiitwacho DART kiligonga kwa makusudi kijiwe cha Dimorphos, ambacho huzunguka asteroidi, yaani jiwe la angani linalozunguka jua, iliyo kubwa kukizidi. Mzunguko mmoja ulikuwa unachukua saa 11 na dakika 55. Baada ya kugongwa ukawa saa 11 na dakika 23. Yaani binadamu wamelisukuma jiwe la angani likabadili mwendo. Ni kile kile tulichokuwa tukikitazama kibandani huku tumeshika vichwa, ila safari hii hakuna steringi aliyebaki nyuma kujitoa mhanga. Nilipoingia ofisini nikauliza nani amesikia, nikatazamwa kama nimeleta habari za ndondo za kijiji kingine.

Neno la pili la kuwinda ni "huenda". Hili huanguka njiani. Aprili 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walisema wameona, kwenye hewa ya sayari K2-18b iliyo umbali wa miaka ya nuru 124 (yaani mwanga wake hutumia miaka 124 kutufikia), dalili za kemikali ambayo hapa Duniani hutolewa zaidi na viumbe vya baharini. Wenyewe walisema ushahidi haujafikia kiwango ambacho wanasayansi hukiita ugunduzi, na wenzao wengine wakaja kuutilia shaka. Kwenye habari za asubuhi kulikuwa na "huenda". Mchana ilikuwa "dalili". Jioni, kwenye kurasa zetu za Facebook, viumbe walishapatikana na mtu mmoja alikuwa ameshawachora. Ukikutana na habari ya namna hiyo, rudi nyuma hatua moja, mbili, mpaka uikute "huenda" ilipoanguka. Ni kazi ya dakika tano, na inaokoa aibu ya mwaka.

Halafu kuna asilimia. Hapa ndipo niliposumbuka zaidi, maana hesabu haikuwa rafiki yangu shuleni. Mwishoni mwa Desemba 2024 iligunduliwa asteroidi iliyopewa jina 2024 YR4, na ikasemekana inaweza kuigonga Dunia tarehe 22 Desemba 2032. Mwezi Februari uwezekano ulipanda: asilimia moja, mbili, hadi 3.1. Kila siku habari ilikuwa mbaya kuliko ya jana. Kisha ndani ya siku chache ikaporomoka karibu na sifuri, na watu wakasema hawa wataalamu wanabahatisha, au wanatuficha jambo.

Hawakubahatisha. Chukua ufunguo uliodondoka gizani kwenye uwanja wa mpira, na katikati ya uwanja pametandikwa mkeka. Mwanzoni ufunguo unaweza kuwa popote, kwa hiyo uwezekano kwamba upo mkekani ni mdogo. Mnaanza kutafuta kutoka pembeni. Goli la kaskazini haupo, goli la kusini haupo, kona zote hazina kitu. Kila mnapofuta kipande cha uwanja, mkeka unazidi kushukiwa, ingawa ufunguo haujasogea hata inchi. Halafu mtu anaukanyaga hatua kumi kutoka mkekani, na shaka yote inakwisha kwa mara moja. Uwanja ni sehemu zote ambako jiwe lingeweza kupita, mkeka ni Dunia, na kila usiku darubini zilikuwa zinafuta kona moja. Kwa hiyo asilimia ikipanda kidogo kidogo kwa wiki mbili, hiyo ni kazi inaendelea. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuhesabu umri wa wanangu mwaka 2032.

Kuhusu picha sina mengi: kama ni nzuri mno na haina jina la chombo kilichoipiga, ichukulie kama bango la filamu.

Ushauri mwingine nautoa kwa sababu niliuchelewesha sana mimi mwenyewe: usidhani anga ni ya watu wa mbali. Kwetu ungo wa zamani wa runinga ulikaa karibu chali, kwa sababu setilaiti uliyokuwa ukiitazama iko nyuzi 36 Mashariki, juu ya Ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, karibu kabisa na utosi wetu. Kila Machi na kila Septemba, kwa siku chache, kati ya saa sita na saa saba mchana picha ilikatika. Mama alikuwa akimwita fundi. Fundi anakuja, anapanda paa, anakaza skrubu mbili, picha inarudi, anakunywa chai, analipwa. Miaka mingi baadaye ndipo nikaelewa kwamba jua lilikuwa likipita nyuma ya setilaiti na kelele zake za redio zikazima mawasiliano kwa dakika chache. Nilikuwa naangalia filamu za anga ndani, huku tukio la anga lenyewe likitokea juu ya bati, na analipwa fundi.

Na hivi vibanda vyetu vya video vilivyojaa mashimo meusi, yale ya angani ambayo hata mwanga hautoki, nani aliwaambia watazamaji kuhusu Ngomeni? Karibu na Malindi, kwenye jukwaa la baharini la San Marco lililokuwa la Waitaliano, tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti ya Wamarekani, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kuchunguza mionzi ya eksrei kutoka angani. Kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya, wakaiita Uhuru. Vipimo vyake vya Cygnus X-1, chanzo kimoja cha mionzi hiyo, vilichangia sana kuwashawishi wanaastronomia kwamba pale pana shimo jeusi. Nimeishi miaka thelathini bila kulijua hilo, na majina ya waigizaji nilikuwa nayo yote kichwani.

Kwa hiyo nenda ukaone. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa kusini mwa Tanzania, nami nikapanda basi siku moja kabla hadi Rujewa, wilayani Mbarali. Karibu na saa sita mchana mwezi ulikaa katikati ya jua ukabakiza pete, kwa dakika tatu hivi. Miwani maalumu nilikuwa nayo, lakini ninachokikumbuka zaidi kilikuwa chini. Nilikuwa kando ya mwembe, na vile vidoa vya mwanga vinavyopenya kwenye majani vilianza kuwa hilali, mamia ya hilali mchangani. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi alitoa bakuli lake la matundu la kuoshea mboga, akalishika juu ya kanga aliyoitandaza, na kila tundu likachora pete yake. Watoto wakaanza kuzihesabu. Hakuna mtafsiri aliyehitajika.

Tarehe 2 Agosti 2027 kuna jingine. Kupatwa kamili kutapita Luxor huko Misri, ambako giza litadumu zaidi ya dakika sita, kisha Jeddah na Makka, Yemen, hadi Somalia. Afrika Mashariki tutaliona kwa sehemu. Ukiwa na ndugu Jeddah, mwaka huo ndio wa kumtembelea. Miwani inunue mapema, na ile hadithi ya kutazama kwenye beseni la maji iache, jua la kwenye maji linaunguza jicho vile vile.

Kubwa zaidi ni lile la Ijumaa tarehe 13 Aprili 2029. Asteroidi Apophis, yenye upana wa zaidi ya mita 300, itapita kilomita 32,000 hivi juu ya ardhi, yaani chini ya kimo cha setilaiti ya ungo wetu, na usiku huo itaonekana Afrika kwa macho matupu, kama nyota inayotembea. Haitugongi, mwaka 2021 NASA iliondoa hatari hiyo kwa miaka 100 ijayo. Nilipotafuta saa itakayokuwa karibu zaidi nasi, nikaibadilisha kwa saa za Afrika Mashariki, nikacheka peke yangu: saa sita na dakika 46 usiku.

Nimeshaandika kwenye kundi la familia. Nimewaambia usiku huo utakuja ujumbe wenye majina makubwa, wa saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu, na kwamba safari hii kuna jiwe kweli, lakini simu ziachwe wazi na kuanzia jioni watu watoke nje watazame juu. Mama alijibu kabla ya wote.

"Sawa mwanangu. Ila baba yako mdogo apande basi la asubuhi."