Jibu: Mdogo wangu kala pesa za kikoba cha mama, wala hashtuki

Dada wa Ngamiani, pole sana. Nimekuelewa: kinachokuuma si zile pesa tu, ni vile mdogo wako alivyokaa jioni ileile akamwomba mama amwongezee mchuzi.

Msikimbilie kusema karogwa. Wapo watu ambao amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu, haishtuki sana wakiona mwenzao anaumia. Kosa wanalijua, ila haliwachomi. Wengine dhamiri wanayo, imefunikwa na aibu au dawa za kulevya (na unga Tanga tunaujua). Halafu umesema ana miaka 17. Madaktari kwa kawaida hawampi mtu jina la ugonjwa wa haiba ya kutojali wenzake kabla ya miaka 18, basi na mtaa usimbandike jina.

Kumlilia mmeshamlilia vya kutosha. Namba ya siri ya simu ya mama ibadilishwe leo. Deni alilipe kwa kazi, kidogokidogo, mjomba akishuhudia. Akizidisha vitisho, ngumi au kutesa wanyama, mpelekeni kwa daktari wa afya ya akili. Anzieni hospitali ya Bombo. Akishika kisu, tokeni ndani kwanza, ndipo mpigie polisi na mjumbe.