Kempa ya kukunja: ipeleke kwanza kwenye mizani

Mkuu, umeuliza uchukue ipi kati ya kempa mbili za kukunja, hizi tela za kulala ambazo paa linanyanyuliwa na kuta ni turubai: mpya ya kilo 480 kwa milioni 18, au iliyotumika, ya chesisi (fremu ya chuma ya chini) nene, kilo 720, kwa milioni 14. Una Prado, mke na watoto wawili, na mnakaa Tanga. Nimekuwa nazo za aina zote mbili, moja baada ya nyingine, hapahapa Raskazone, kwa hiyo nakujibu kwa yaliyonipata.

Ya kwanza niliinunua kwa wepesi wake. Kwenye lami ilikwenda vizuri mpaka unasahau kwamba unavuta kitu. Safari ya tatu tukashika njia ya Pangani kwenda Saadani, enzi hizo ni vumbi tupu na vile vijituta vya mfululizo vinavyotikisa mpaka meno. Hatujafika Mkwaja, chuma kinachoshika springi kikakatika penye kiungo cha kuchomelea. Nilipolala chini kutazama, chesisi yenyewe ilikuwa bati la milimita 2 hivi, na nyufa nyingine mbili zimeshaanza. Fundi wa pale alikuwa na mashine na moyo wa kusaidia, lakini kila akigusisha moto bati linatoboka. Watoto walilala garini usiku ule, na mimi sikupata usingizi.

Tangu hapo, nikiambiwa kempa ni nyepesi, nauliza kimepunguzwa nini. Kama wamepunguza kabati na vitanda, sawa. Kama wamepunguza chuma cha chini, hiyo ni ya lami tu.

Sasa hizo kilo 720. Hiyo ni kempa tupu. Ya pili niliyonunua nayo iliandikwa hivyohivyo, nikaipeleka na mizigo yote kwenye mizani ya malori: kilo 1,020! Hesabu haina siri. Maji lita 80 ni kilo 80. Mtungi wa gesi wa kilo 15 ukijaa unafika kama 30, kwa sababu chuma chake nacho kina uzito. Betri kilo 28, friji, meza, viti, spea, unga na mchele wa wiki. Kwa magari mengi, kitabu kinaruhusu tela lisilo na breki lisizidi kilo 750. Ukipita hapo, tela lazima liwe na breki zake zinazofanya kazi. Hapo ndipo pa kumbana muuzaji, maana breki nyingi za kempa zilizotumika zimeganda kwa kutu na mwenyewe hajui.

Halafu tazama uzito umekaa wapi. Asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote inatakiwa iegemee pale tela linaposhikana na gari, yaani tela la tani moja liweke kilo 100 mpaka 150. Siku moja nilijaza maji tangi lililo nyuma ya ekseli na kuweka vyombo vyote nyuma. Kati ya Segera na Korogwe, kwenye spidi 90, kempa ikaanza kuyumba mkia kushoto kulia. Nilitoa mguu kwenye mafuta, nikashika usukani bila kuupinda, ikatulia yenyewe. Sijawahi kurudia kosa lile.

Kama mtapanda Lushoto, kuanzia Mombo ni kama kilomita 33 za kona na mlima. Kupanda, Prado itaweza. Kushuka ndiko kunakotaka breki za tela na gea ndogo.

Ubora kwetu huku pwani ni suala la chumvi na unyevu kuliko urembo wa ndani. Alumini na chuma vikigusana penye chumvi, alumini inaliwa, kwa hiyo kagua kila riveti na skrubu kwenye kingo za paa. Bonyeza sakafu kwa kidole gumba pembeni, hasa chini ya vitanda: plaiwudi ikibonyea, imeoza. Nyanyua na ushushe paa mara tatu, pembe nne zipande pamoja, na kagua waya za winchi, ile mashine ya kuzungusha inayonyanyua paa, kama zimechanika nyuzi. Turubai linuse. Likifungwa bichi wakati wa masika, siku chache tu ukungu umeshika, na doa lake halitoki.

Kama imetoka Marekani, umeme wake ni wa volti 120, wa kwetu ni 230, na mlango unaweza kukufungukia upande wa magari yanayopita.

Mimi ningechukua ile ya milioni 14, kwa sharti kwamba chesisi ni nzima na springi ni za plate, yaani zile za vyuma bapa vilivyopangwa juu ya vingine, kwa sababu fundi yeyote wa Korogwe au Muheza anaziweza. Zile milioni 4 zinazobaki usizile. Weka breki mpya, beringi, na tairi za saizi moja na za Prado yako ili spea iwe moja. Muuzaji akikataa isipelekwe kwenye mizani, iache. Siku ya kwenda kuiona niambie, nikiwa mjini nitakuja na bisibisi yangu na turubai la kulalia chini.