Hivyo vikucha karibu na mkia wa chatu si kupe, usivivute

Mkuu, umeuliza kuhusu vile "vimwiba" viwili vyeusi ulivyoviona kwa chatu wako, huku na huku ya tundu la haja, na kwamba mwenzako amekushauri uvitoe kwa kibanio. Tafadhali usifanye hivyo. Nafuga huku Minnesota chatu wa aina hiyohiyo, yule mdogo wa Afrika Magharibi anayejikunja kama mpira akiogopa, na kosa hilo nililifanya mwaka wa kwanza. Nilivuta kimoja. Damu ikatoka, yeye akajifungasha, kichwa akakificha katikati, na kwa wiki kadhaa akagoma kula. Hadi leo inaniuma.

Daktari wa wanyama ndiye aliyenieleza kwamba hayo ni mabaki ya miguu ya nyuma. Ndani, chini ya misuli, bado kuna vifupa vidogo vya nyonga na paja. Kinachotokeza nje ni ukucha tu. Bibi yangu alizoea kusema nyoka ana miguu ila haonyeshi, nami nilidhani ni hadithi za jioni. Kwa chatu ni kweli kabisa, hata hawa wakubwa wa porini kwetu wanavyo. Dume huvitumia kumkunakuna jike wakati wa kupandana. Jike naye anavyo, kwa hiyo usiseme "huyu dume" kwa kuona ukucha mrefu. Mara nyingi vya dume huwa vikubwa zaidi, lakini si kipimo cha kutegemea.

Kupe utamjuaje? Vikucha ni viwili tu, kimoja kila upande, sehemu ileile siku zote. Kupe hujibana popote chini ya ukingo wa gamba. Utitiri ni vidoadoa vyeusi vinavyotembea, hasa chini ya kidevu na kuzunguka macho, na wengine utawakuta wamekufa kwenye bakuli la maji. Hao ndio wa kukupeleka kwa daktari.

Kwa kuwa umesema ni chatu wako wa kwanza, kuna mengine yatakayokushtua. Vile vishimo kwenye mdomo wa juu si vidonda: anavitumia kuhisi joto, ndiyo maana gizani humpata panya bila kumwona. Mimi panya wa kugandishwa namwacha ayeyuke, kisha nampasha kwenye maji ya moto, na nampeleka kwa koleo ndefu. Mkono wenye joto na harufu ya panya, kwake ni chakula.

Macho nayo yatageuka rangi ya maziwa yenye ubuluu, ngozi ifubae, tumbo liwe na wekundu kidogo. Hajawa kipofu, anajiandaa kujivua gamba. Nyoka hana kope. Jicho limefunikwa na gamba angavu, na hilo nalo hubanduka. Siku hizo haoni vizuri na huwa na woga, basi mwache, wala usimlazimishe kula. Macho yatang'aa tena, na baada ya siku chache atajivua. Likagueni gamba lile pamoja na watoto: sehemu za macho zote mbili ziwepo. Moja ikibaki jichoni, ongeza unyevu kwenye kizimba na usiibandue kwa kucha. Isipotoka akijivua tena, daktari.

Akifungua kinywa kumeza utaona kijibomba kikitokeza chini. Ni njia ya hewa, anaisogeza mbele ili apumue huku mdomo umejaa. Ila akipumua kinywa wazi wakati hamezi kitu, au mapovu yakitoka puani, hapo usisubiri majibu ya jukwaani.

Kesho ukimtoa, inua mkia taratibu uangalie. Vikiwa viwili na vinaelekeana, rudisha kibanio kabatini. Kikiwa kimoja tu na kimetuna, weka picha hapa, tuitazame kabla hujagusa.