Jicho la siklone: ile kimya nilipita ndani yake njia ya Beira, usiiamini

Mdogo wangu wa Goma, umeuliza kama ni kweli katikati ya siklone (ile dhoruba kubwa ya bahari inayozunguka), kwenye jicho lake, kunatulia kabisa, kwa sababu kaka yako alikuwa kwenye kisiwa cha Mayotte, Bahari ya Hindi, wakati wa siklone Chido na alikuambia kitu cha vile ukaona anaongeza chumvi, tena umeuliza kama Ziwa Kivu nalo linaweza kutuletea siklone siku moja. Nimesoma majibu ya juu, wengi wanasema ni mambo ya filamu. Hapana. Kaka yako hadanganyi, na mi naandika hapa kwa sababu ile kimya karibu itumalizie watu.

Niko Lubumbashi, ni shoferi wa kamio (lori). Mwaka 2019 nilikuwa nafanya njia ya Beira: unatoka Kasumbalesa, unapita Zambia, Chirundu, Harare, Mutare, unaingia Msumbiji kwa Machipanda, kisha barabara ya N6 mpaka baharini, shaba inashuka na wewe unapanda na mzigo mwingine. Tarehe 14 mwezi wa 3, siku ya Alhamisi, tulikuwa tumesimamisha magari mu parkingi moja kati ya Beira na Dondo, kamio nyingi, plaki za Kongo, Zambia na Zimbabwe. Kila mtu alijua siklone Idai inakuja. Redio ilikuwa inasema toka asubuhi. Ila kujua jina la kitu na kukijua ni mambo mawili, sisi watu wa Katanga upepo mkali tunaoujua ni ule wa mwezi wa 10 kabla mvua haijaanza, unabeba vumbi na bati mbili tatu, saa moja umeisha.

Ule haukuisha. Ulianza mchana polepole, giza lilipoingia umeme ukakatika, na toka hapo kamio yenye tani 30 mgongoni ilikuwa inatikisika kama kitanda cha mtoto. Upepo ulikuwa unatoka upande wa kusini, hilo nalikumbuka vizuri kwa sababu mti mmoja mkubwa kando ya geti ulikuwa umelala wote kuelekea kaskazini na matawi yake yamenyooka kama nywele za mtu mbele ya feni. Tulikuwa watatu mu kabine, mimi, mwenzangu wa Likasi, na motoboyi (msaidizi) wangu, hatusikilizani hata ukipiga kelele sikioni.

Karibu na saa sita ya usiku upepo ukakatika. Sijui niseme namna gani, haukupungua, ulikatika, sawa mtu amefunga mlango. Mvua ikabaki manyunyu, na joto likaja, joto la ajabu la kubana, masikio yakaziba kama ukiwa unapanda mlima na gari. Tukaanza kusikia sauti za watu: mtu anaita jina la mwenzake, mtoto analia nyumba ya jirani, vyura. Milango ya kamio ikaanza kufunguka moja moja, watu wanatoka na tochi za simu, wengine wanamshukuru Mungu kwa sauti. Motoboyi wangu akapanda juu ya mzigo kufunga bashi, lile turubai lilikuwa limechanika kona, na mi ndiye nilimtuma.

Mlinzi wa ile parkingi, mzee mmoja wa palepale, ndiye alituokoa. Alitoka na kibanda chake anapiga filimbi, anapita kamio kwa kamio anagonga milango, anasema "metade, metade", na anaonyesha mkono wake wa kushoto anaukata katikati kwa kiganja cha kulia. Nusu. Imepita nusu. Nikamwita kijana wangu ashuke, akashuka analalamika kwamba kamba bado. Kijana wa kamio ya pili hakuitwa na mtu.

Ilichukua kama nusu saa. Upepo ukarudi bila kupanda polepole, ukarudi ukiwa umeshakomaa, na ulikuja kutoka kaskazini, upande mwingine kabisa. Ule mti wa geti uliokuwa umelala upande mmoja usiku wote uligeuzwa na kung'oka na mizizi. Ukuta wa parkingi uliovumilia masaa yote yale ukaanguka mara moja. Yule kijana alikatwa na bati kwenye bega, tulimfunga na shati mpaka asubuhi kwa sababu barabara ilijaa miti na hakuna gari ingepita kwenda hospitali. Alipona, namshukuru Mungu, ila mkono ule haunyanyuki vizuri mpaka leo.

Sasa kwa nini. Nimesoma sana juu ya hiyo kitu toka siku ile, sikuweza kulala bila kuielewa.

Siklone ni hewa inayokimbilia mahali ambapo msukumo wa hewa uko chini, lakini kwa sababu dunia inazunguka, ile hewa haiendi moja kwa moja, inapinda, inaanza kuzunguka. Huku kwetu kusini ya ikweta inazunguka kufuata mshale wa saa, kaskazini inazunguka kinyume. Kadiri inavyokaribia katikati ndivyo inavyozunguka haraka, mpaka inafika mahali nguvu ya kutupwa nje inalingana na nguvu ya kuvutwa ndani, hapo haiwezi kusogea tena. Inapanda juu. Njo pale unapata ukuta wa mawingu marefu unaozunguka duara nzima, unafika kilomita 15 hivi kwenda juu, na huo ukuta ndio wenye upepo mbaya na mvua mbaya kuliko sehemu zote. Ikifika juu, hewa nyingi inamwagika nje, ila kidogo inashuka ndani ya lile duara, na hewa ikishuka inapata joto na kukauka, mawingu yanayeyuka. Mu siklone yenye nguvu sana jicho linakuwa safi kabisa, unaona nyota.

Kitu kilichonisumbua zaidi ni hiki: katikati ndipo msukumo wa hewa uko chini kuliko popote (masikio yangu yalijua), sasa mbona upepo hakuna? Fikiria bakuli. Mpira ukiuweka kwenye ukingo wa bakuli unateremka kwa nguvu, ukiuweka chini katikati unakaa tu, hakuna mteremko. Upepo unafuata mteremko, na katikati ni tambarare. Tufani iliyoitwa Tip, mwaka 1979 mu Pasifiki, ilishuka mpaka milibari 870 wakati kawaida ya usawa wa bahari ni kama 1013, hakuna iliyopimwa chini zaidi ya hapo, na bado katikati yake kulikuwa na utulivu.

Jicho kwa kawaida lina upana wa kilomita 30 mpaka 60 hivi, ila siklone Wilma ya 2005 ilikuwa na jicho lisilofika hata kilomita 4. Kwa hiyo piga hesabu: siklone inatembea polepole, tuseme kilomita 15 au 20 kwa saa, jicho la kilomita 40 likipita sawasawa juu yako unapata masaa mawili au zaidi, likikugusa na ukingo wake tu unapata dakika 20, na likipita pembeni hupati kitu, upepo unageuka taratibu na mateso yanaendelea. Ndiyo sababu jirani yako wa kilomita 30 anaweza kukuapia hakukuwa na kimya yoyote na wote wawili mnasema kweli.

Na nusu ya pili inaua kwa sababu ya kugeuka. Ukitaka kung'oa msumari unausukuma huku kisha unauvuta kule. Upepo wa kwanza umelegeza paa upande mmoja, wa pili unakuja kulimalizia. Juu ya hapo watu wametoka nje. Mji wa Miami, Marekani, tarehe 18 mwezi wa 9 mwaka 1926, wageni wengi hawakuwa wameona kitu kama hicho, jicho lilipofika walijaa barabarani na wengine wakaanza kuvuka daraja lililounganisha mji na kisiwa. Mkuu wa ofisi ya hali ya hewa pale, Richard Gray, alitoka mwenyewe anawapigia kelele warudi ndani. Wengi hawakumsikia, ukuta wa pili ukawakuta njiani. Nikisoma ile habari namwona mzee wetu na filimbi yake.

Baharini ni vibaya zaidi hata upepo ukilala, mawimbi yaliyotupwa na pande zote za ukuta yanakutana ndani ya jicho na kugongana bila mpango. Kwa hiyo ile "kimya" ni ya nchi kavu tu.

Nafasi hii niseme pia, redio zetu hapa kila siku "fulani iko mu oeil du cyclone", ni Kifaransa, jicho la siklone, wanamaanisha iko mu matatizo makubwa. Inaniuma kila nikisikia, maana inafundisha watu kinyume. Aliye kwenye jicho hapigwi. Amezungukwa.

Kuhusu Kivu, lala salama. Siklone inakula joto la bahari, inataka maji ya digrii 26 au 27 na zaidi, joto hilo lishuke makumi ya mita, tena juu ya eneo la mamia ya kilomita. Ziwa Kivu ni kama kilomita za mraba 2,700, na liko mita 1,460 juu ya bahari. Halafu Goma iko karibu sana na ikweta, hata digrii 2 haifiki, na pale ile nguvu ya kupindisha hewa karibu haipo, siklone chache sana zinazaliwa chini ya digrii 5 toka ikweta. Zile dhoruba zinazozamisha mitumbwi yenu ni za radi, zinaua pia, ila hazina jicho, usizisubirie nusu ya pili.

Ila kaka yako bado yuko Mayotte, na msimu wa huko ni toka mwezi wa 11 mpaka wa 4. Chido, tarehe 14 mwezi wa 12 mwaka 2024, ilipitisha jicho lake upande wa kaskazini ya kile kisiwa, na upepo ulizidi kilomita 220 kwa saa. Mwambie nyingine ikija, wakati bado inapiga achungulie mti mmoja aone umelala upande gani. Upepo ukikatika ghafla na ule mti haujalala upande wa pili bado, asitoke hata kwenda choo. Ikiisha kweli inapungua kidogo kidogo, masaa mengi, na mti umeshageuka. Sisi tulifungua milango saa tatu asubuhi, kisha N6 ikakatwa na maji ya mto Pungwe, hatukuondoka pale siku nyingi.

Yule mzee alikataa pesa yetu. Alichukua unga tu, tukapika bukari (ugali) pamoja.