Fundi wa fremu anajibu: tupa, uzi na pedali ya kushoto

Karakana yangu ya Morogoro hutoa fremu nne za baiskeli kwa mkupuo, na kila mkupuo unapotoka maswali huanza upya. Nimechagua manne.

Jirani yangu anachomelea mageti. Anasema fremu kwake ni kazi ya mchana mmoja. Mbona wewe unataka wiki tatu? (Msomaji, Dodoma)

Jirani yako hakudanganyi. Atayaunganisha mabomba, na jioni utapanda. Lakini geti limesimama pale pale, na bomba lake ni nene. Bomba la fremu nzuri halifiki milimita moja katikati, na linabeba mtu, gunia na mashimo ya barabara. Mashine yake ya umeme ya vijiti inayeyusha bomba lenyewe, na chuma huyeyuka karibu nyuzi joto 1,500 za Selsiasi. Mkono ukikawia sekunde, umetoboa. Usipotoboa, umeacha kovu pembeni mwa kiungo, na mara nyingi fremu hukatikia hapo. Viwandani nako huchomelea kwa umeme, ila kwa mashine ya argoni na mkono uliozoea bomba jembamba.

Mimi natumia gesi na brasi. Brasi hutiririka karibu nyuzi 900, bomba likiwa jekundu tu.

Sasa hizo wiki tatu. Moto hauli muda, tupa ndiyo inayokula. Kila ncha ya bomba hukatwa mdomo wa samaki, ili ilalie bomba jirani kama kofia kichwani. Nikimaliza nainua juani. Nikiona mwanga hata wa upana wa unywele, narudi kwenye jiriwa. Pengo likiachwa, linashikwa na brasi tupu, nayo ni laini kuliko chuma. Miaka ya mwanzo niliwahi kulifunika pengo kwa brasi tele, nikapiga msasa, likapendeza kuliko yote niliyokwisha kufanya. Fremu ilikwenda kwa muuza mkaa. Ilirudi baada ya miezi miwili, kiungo kimefunguka kama ganda la karanga. Nilitengeneza nyingine bure, na maneno yake sitayaandika hapa.

Na kwa nini nne? Kwa sababu kupanga kibanio kinachoshika mabomba kunachukua nusu siku. Ukishakipanga, ni hasara kukipangua kwa fremu moja.

Shikamoo fundi. Nimenunua rimu za mtumba kutoka Uholanzi, zimeandikwa inchi 28. Tairi ya baiskeli yangu ya Phoenix, nayo ya 28, inapwaya. Nimeibiwa? (Msomaji, Tabora)

Marahaba. Hujaibiwa, ila inchi 28 ni majina mawili ya vitu viwili. Tairi ya Phoenix, ile ya 28 kwa 1½, hukaa kwenye rimu ya milimita 635. Kuna 28 nyingine ya milimita 622, ambayo baiskeli nyingi za Ulaya zinatumia. Tofauti ni 13, ndiyo maana tairi yako inavaa kama suruali ya baba. Acha inchi, soma namba ndogo ubavuni mwa tairi: 40-635 au 37-622, kwa mfano; ya kwanza ni upana wa tairi, ya pili ndiyo rimu. Tafuta tairi za 622, halafu tazama breki, maana mpira wa breki sasa unatakiwa ushuke milimita sita na nusu.

Hesabu pia matundu ya spoku kabla ya kulipa. Baiskeli nyingi za zamani za Kiingereza zilikuwa na 32 mbele na 40 nyuma. Rimu ya matundu 36 haitaoana na habu hizo, yaani vitovu vya magurudumu.

Wateja wangu wananiona msumbufu ninapodai magurudumu kabla sijawasha gesi. Sababu ni hiyo. Daraja la breki, kile kipande cha fremu kinachoshika breki, likishachomelewa, halisogei.

Nimeunga baiskeli yangu mwenyewe, kila kitu kipya, lakini nikiachia usukani inakwenda kushoto. (Msomaji, Kahama)

Geuza gurudumu la mbele, kulia kuwe kushoto. Ikianza kuvuta kulia, rimu haijakaa katikati ya habu. Kaza spoku za upande mmoja, legeza za upande wa pili. Isipobadilika, chukua uzi. Funga kwenye kucha moja la nyuma, pale ekseli ya gurudumu inapokaa, upitishe mbele ya bomba linaloshika uma, urudishe kwenye kucha la pili, ukaze. Pima kutoka bomba la siti hadi kwenye uzi, pande zote mbili. Milimita moja naivumilia. Tatu, fremu imepinda. Ya chuma hunyooshwa ikiwa baridi, taratibu, na si kwa nyundo. Uzi ukisema sawa, mshitakiwa ni uma.

Pedali ya kushoto inafunguka kila wiki. Nimeikaza mpaka spana ikateleza. (Msomaji, Kilosa)

Huenda uliikaza kwa kuifungua. Thredi ya kushoto imegeuzwa: hukazwa kinyume cha mshale wa saa. Ukisahau, spana ikiwa juu, isukume kuelekea gurudumu la mbele. Kulia na kushoto zote hukaza hivyo. Kama uliilazimisha, toa pedali uangalie tundu la krenki, ule mkono unaoshika pedali. Ukikuta vumbi la chuma linalong'aa, thredi imekufa, na hapo nunua krenki ya kushoto peke yake.