Jibu: Pima kwanza chungu cha Bukavu, ndipo ununue modeli za chakula

Usitume hizo pesa. Nimesoma swali lako mara mbili. Unataka kuagiza kutoka ng'ambo seti ya modeli za chakula, yaani vyakula vya bandia vya plastiki, kwa mafunzo ya lishe katika vituo vitatu vya afya vya Kadutu na Bagira, hapa mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo. Unataka kuzitumia hizo hizo kuwauliza akina mama watoto wao walikula kiasi gani jana. Unauliza kama zitakusaidia pia katika utafiti wako wa kukausha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Unasema muuzaji amekuhakikishia kwamba vipimo vyake vinafaa popote duniani. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka 2017, hapa hapa Bukavu. Niliyaamini, na mpaka leo yananiuma.

Mradi wetu wa lishe ulilipa dola 580, mbali na usafiri na ushuru. Sanduku lilipofunguliwa tulikuta kipande cha mkate, brokoli, paja la kuku, ndizi, mnofu wa samaki wa gramu 85, na kilima cheupe cha viazi vilivyopondwa ambacho katika orodha ya muuzaji kiliandikwa nusu kikombe, gramu 105. Bugali, yaani ugali wetu, haikuwamo. Sombe, majani ya muhogo, haikuwamo, wala maharagi, wala mchicha tunaouita lengalenga, wala sambaza. Mkufunzi aliyeletwa kwetu kwa siku tatu alituambia kwamba hilo si tatizo: kilima cheupe kitumike kama bugali kwa kuwa vyote viwili ni vyeupe na vizito, na mnofu utumike kwa samaki wa aina yoyote. Tulikuwa watu kumi na mmoja katika chumba kile, wote tumelelewa kwa bugali, na hakuna hata mmoja aliyenyosha mkono kuuliza swali.

Siku ya pili ya mahojiano, mama mmoja wa Kadutu alikichukua kile kilima cheupe, akakigeuza, akakigonga kwa ukucha, akaniuliza: "Munganga (daktari), hii ni sabuni ao ni chumvi?" Nikamweleza kwamba ni bugali. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. Mtoto wake wa miaka miwili alikuwa ameshaokota ndizi ya plastiki na kuing'ata, naye akaanza kulia kwa sababu haikumenyeka. Nilipomwomba mama aonyeshe mtoto alikula vilima vingapi, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu anakula na wenzake ku sahani moja. Nitajua ya kwake namna gani?" Nilikuwa na fomu mkononi yenye kisanduku kinachotaka namba, nikamsukuma mpaka akasema viwili, nami nikaandika viwili.

Tulifanya mahojiano 168 kwa namna hiyo. Sasa sikiliza jinsi makosa yalivyopandana, maana seti unayotaka kuinunua itakupitisha njia hiyo hiyo. Kosa la kwanza lilikuwa la uzito: bugali yenye ujazo sawa na kile kilima, tulipokuja kuiweka kwenye mizani, ilikuwa na gramu 136, wala si 105. Kosa la pili lilikuwa la ukubwa: modeli ilikuwa moja tu, hakuna ndogo wala kubwa kuliko hiyo, kwa hiyo kila mama alihesabu kwa vizima, na mtoto aliyekula matonge matatu madogo aliandikiwa vilima viwili sawasawa na kaka yake mwenye miaka mitano. Watafiti wa lishe wanalijua hili tangu zamani: mtu akiulizwa akadirie, chakula kidogo hukiongeza na chakula kingi hukipunguza, na modeli ya ukubwa mmoja huzidi kuwasukuma wote katikati.

Kosa la tatu ndilo lililotuangamiza. Watoto wetu wengi walikuwa wamekula sambaza mkavu. Mama akionyesha nusu ya ule mnofu wa plastiki, sisi tuliandika gramu 42, kisha kwenye jedwali la virutubisho tukachagua samaki mkavu, kwa kuwa mama alisema mkavu. Mnofu ule ulipimwa kama samaki mbichi. Samaki mbichi ana protini karibu gramu 18 hadi 20 katika kila gramu 100, lakini samaki mdogo akikaushwa vizuri maji yakamtoka, protini yake hufika karibu gramu 60 katika gramu 100 zile zile. Kwa hiyo tulichukua uzito wa mbichi tukauzidisha kwa utajiri wa mkavu, na mtoto wa miaka miwili, ambaye kwa siku nzima anahitaji protini kama gramu 13, akaonekana amepata gramu 25 katika mlo mmoja, tena kwenye samaki peke yake. Namba hiyo ilipaswa kunishtua. Haikunishtua, kwa sababu ilitoka katika kompyuta ikiwa imepangwa vizuri.

Taarifa iliandikwa kwamba watoto wa eneo lile hawakosi chakula cha asili ya wanyama, na sahihi yangu iko chini yake. Wakubwa wa mradi waliisoma, na kwa msimu mzima unga wa sambaza uliondolewa katika uji wa maonyesho ya upishi ili pesa ziende kwenye mambo mengine. Akina mama waliokuja kujifunza walifundishwa uji usio na samaki, katika mji uliokaa kando ya ziwa lenye samaki huyo.

Tuligundua baada ya miezi mitano, pale mwenzetu mmoja mwenye kichwa kigumu (Mungu ambariki) alipokataa kutia sahihi, akachukua mizani ya jikoni, akaenda katika nyumba 14 alfajiri na jioni, akapima kila sahani kabla ya kula na baada ya kula. Mkono mmoja wa sambaza aliotiliwa mtoto ulikuwa samaki wanane au tisa wakavu, na mizani ilisoma gramu 9. Sisi tulikuwa tumeandika 42. Mahojiano yote 168 yalitupwa.

Yule mkufunzi nilimwandikia. Alinijibu kwamba modeli ni makadirio tu, na kwamba wajibu wa kuzilinganisha na chakula cha mahali ulikuwa wetu. Mtu anayelipwa kufundisha, anayejua kwamba ulinganisho unahitajika, akakaa nasi siku tatu bila kulitaja hata mara moja, huyo ametudhulumu sisi na amewadhulumu wale watoto. Na muuzaji anayeandika kwamba nusu kikombe chake ni kipimo cha dunia nzima hajawahi kuona mwiko ukigeuza bugali. Ukumbuke pia asili ya vitu hivi. Vyakula vya bandia tunavyovijua leo vilistawi kwa ajili ya madirisha ya mikahawa ya Japani. Iwasaki Takizo, mzaliwa wa Gujo Hachiman, alianzisha kampuni yake ya vyakula vya nta huko Osaka mwaka 1932, na kazi yao ilikuwa kumvuta mpita njia aingie kula. Jicho huridhika upesi, na mama akikitazama chakula cha bandia hakuna kinachomkumbusha mizani.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitairudia kila ukiniuliza: modeli isiingie mbele ya mama kabla haijapimwa dhidi ya chungu cha mahali pale pale, kwa mizani, kwa chakula kilichopikwa na wanaokila. Kama unataka plastiki kwa ajili ya kufundisha makundi ya chakula tu, yaani mama achague na kupanga mezani ili ajue mtoto wa miezi 6 hadi 23 afikishe angalau makundi matano kati ya manane, maziwa ya mama yakiwa mojawapo, nitakuvumilia, ingawa hata hapo chakula chenyewe kutoka soko la Kadutu kingefundisha vizuri zaidi na kingeliwa baada ya somo. Lakini ukishauliza "kiasi gani", plastiki ya katalogi iache.

Fanya hivi. Nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Nenda kwa akina mama kumi hivi, pika nao unga wao, ule wa muhogo na ule waliouchanganya na mahindi, maana aina hizo mbili hazitoi bugali ya uzito mmoja. Waache wakate matonge kama wanavyowakatia watoto, pima kila tonge, ndipo utengeneze ukubwa mdogo, wa kati na mkubwa kufuata mikono yao. Watafiti wa lishe Rosalind Gibson na Elaine Ferguson, ambao njia yao ya kuuliza mtu alikula nini katika saa 24 zilizopita ilitengenezwa kwa ajili ya nchi kama yetu na ikatumika Malawi na Ghana, walitumia modeli za chakula halisi kilichopikwa na kutiwa chumvi nyingi ili kisioze. Kwa suala la sahani moja pia walikuwa na njia: mhojiwa hupewa mapema bakuli lake, akala humo siku inayoulizwa. Mama wa Kadutu alikuwa amenionyesha tatizo hilo kwa sentensi moja, nami nikamjibu kwa kisanduku cha fomu.

Hiyo bugali ya chumvi nimeitengeneza, na hapa uhifadhi wa chakula unaingia kwa mlango wa mbele. Chumvi hufunga maji. Ukikipima chakula kwa kipimo cha maji yaliyo huru, kinachokwenda kutoka 0 hadi 1, maji yaliyoshiba chumvi husimama karibu na 0.75, na bakteria wengi hukwama chini ya 0.90, ingawa ukungu wa aina fulani huendelea. Lakini chumvi hiyo hiyo huvuta unyevu wa hewa unapozidi asilimia 75. Mwezi wa Novemba, mvua ikiwa imekaza, nilifungua kabati asubuhi nikakuta matonge yanatoka jasho, matone madogo yamejipanga juu yake kama kwenye paji la uso wa mbeba mizigo, na chini kabisa pamefanya alama ya kijani. Tangu siku hiyo ninayafunga kila moja peke yake ndani ya kopo la bati lenye kifuniko kinachobana.

Jambo jingine: tonge la chumvi likikauka hupungua uzito na husinyaa, kwa hiyo andika kwenye karatasi iliyobandikwa uzito wa bugali ilipokuwa ya moto, usije ukalipima tonge lenyewe baada ya mwezi. Ujazo wake uukague kwa ulezi: jaza bakuli kwa ulezi mpaka ukingoni, umwage pembeni, weka tonge ndani, rudisha ulezi mpaka ujae tena, na ule unaobaki nje ndio ujazo wa tonge. Ukipungua, pika jingine. Ukipendelea modeli za udongo, kumbuka kwamba udongo husinyaa unapokauka na tena unapochomwa, kwa hiyo mfinyanzi aanze na umbo kubwa kuliko unalolitaka.

Kuhusu kukausha sambaza, neno modeli lina maana nyingine kabisa, na nahisi muuzaji wako amevichanganya vitu viwili. Katika utafiti wa uhifadhi, modeli ni kitu kinachosimama mahali pa chakula mbele ya joto, baridi au upepo: jeli ya agari inayotokana na mwani, tope la udongo laini wa bentonaiti ndani ya makopo ya kupimia jinsi joto linavyopenya, jeli ya methiliselulosi yenye maji karibu asilimia 77 ambayo hugandishwa badala ya nyama isiyo na mafuta, hata bakteria asiye na sumu, Clostridium sporogenes, anayepimwa badala ya Clostridium botulinum, ndugu yake mwenye sumu ya kuua. Samaki wa plastiki hana maji ya kupoteza, basi kaushio lako halitamfanya lolote. Vipande vya jeli vitakuonyesha trei ipi inakauka upesi na ipi inachelewa, bila kuharibu kilo za samaki kila jaribio, lakini jeli haina mafuta ya sambaza, na mafuta hayo ndiyo yanayochacha. Kwa hiyo hapa pia anza na samaki mwenyewe: mpime mbichi, mpime kila saa kwenye trei mpaka uzito usimame, ndipo uitengeneze jeli ifuate mwenendo wake.

Na kama utafika kwenye kuhifadhi samaki katika mitungi ya kufunga na kuchemsha, usinakili maelekezo ya watu wa pwani. Hapa tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na maji yetu huchemka karibu nyuzi 95. Kuua mbegu za botulinum huhesabiwa kwa dakika 3 kwenye nyuzi 121, ambazo hazipatikani bila sufuria ya mgandamizo, na samaki hana uchachu wa kukulinda, maana kwenye kipimo cha uchachu, pH, ambacho hushuka uchachu ukizidi, mpaka wa usalama ni 4.6 na yeye yuko juu yake mbali sana.

Wiki hii, kabla ya kumjibu muuzaji, shuka Kadutu asubuhi na mizani yako. Nunua sambaza mkavu wa kipimo kidogo kabisa kinachouzwa, mwombe mama muuzaji akutilie kiasi ambacho angempa mtoto wake wa miaka miwili, ukipime, kisha umwombe yule wa meza ya pili, na wa tatu, mpaka ufike wa kumi. Ziandike hizo namba kumi hapa chini, nitazisoma pamoja nawe.