Miswada ishirini, sheria ngapi?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Queens, New York, na uraia nimeupata juzi juzi. Mbunge wetu wa jimbo ametuletea kipeperushi kwamba ameandika miswada zaidi ya ishirini ya nyumba na nauli. Nitajuaje kama anaisimamia kweli, au ni maneno ya kampeni tu?

JIBU: Marahaba. Kwanza tuelewane juu ya "jimbo". Kwetu mbunge wa jimbo ni yule wa Muheza anayekwenda Dodoma. Huko uliko, jimbo ni New York nzima, na bunge lake liko Albany: wajumbe 150 baraza la chini, maseneta 63, wote wakichaguliwa kila miaka miwili.

Sasa hiyo ishirini isikubabaishe. Tazama namba ya kila mswada. A ni wa baraza la chini, S wa Seneti. A asiyekuwa na pacha wake S hafiki mbali. Kisha fungua maelezo ya mwasilishaji yanayoambatana nao, ushuke hadi kipengele cha historia. Ukikuta 2019, 2021, 2023, na kila mara "umepelekwa kamatini" basi, mswada huo umelala usingizi wa pono. Huenda si kosa la mbunge wako, maana uongozi wa baraza usipotaka, hautoki. Ila muulize alihangaika na nani.

Mfano mzuri unao hapo hapo Queens. Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, alishinda kiti cha Astoria mwaka 2020, na Januari 2026 akawa meya wa jiji. Akiwa Albany alipigania mabasi ya bure pamoja na Seneta Michael Gianaris. Walichopata ni majaribio: njia tano, moja katika kila sehemu ya jiji, kuanzia Septemba 2023 hadi Agosti 2024. Na yalipenya kupitia bajeti ya jimbo. Mwaka uliofuata bajeti haikuyaongeza muda, abiria wakarudi kulipa.

Halafu kuna kazi isiyoonekana kwenye kura yoyote. Mwaka 2021 Mamdani aligoma kula pamoja na madereva wa teksi waliozama kwenye madeni ya leseni zao, siku 15, mpaka jiji likakubali kudhamini mikopo hiyo ipunguzwe isizidi dola 170,000. Hakuna mswada wa Albany hapo. Anayehesabu karatasi peke yake angesema hakufanya kitu.

Kwa hiyo mbunge wako mwulize jambo moja: katika hiyo ishirini, ni ipi aliyoipigania iingie kwenye bajeti? Gavana huitoa rasimu Januari, mwaka wa fedha huanza Aprili 1, ingawa bajeti yenyewe mara nyingi huchelewa kupitishwa. Nenda ofisini kwake Februari, na kipeperushi chake mkononi.